Wasomaji wa Mbali: Matabibu Wanavyojifunza Kuandika Utafiti Mtandaoni

Katika zahanati na hospitali za Tanzania mna vitabu vipana vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambavyo ndani yake wauguzi na matabibu huandika, mstari baada ya mstari, jina la mgonjwa, umri wake, kijiji atokacho, maradhi aliyokutwa nayo na dawa aliyopewa; mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa na kupelekwa wilayani, na kitabu kikijaa huwekwa kabatini pamoja na wenziwe. Mtu mwenye jicho la kupeleleza akikaa na vitabu hivyo mchana mmoja aweza kuona mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha chuoni: kwamba watoto wa kata fulani huja na degedege kwa wingi kuliko wa kata jirani, kwamba wajawazito waishio ng'ambo ya mto hufika wakiwa wamechelewa, kwamba dawa iliyosifiwa mwaka juzi haileti tena nafuu iliyokuwa ikiileta. Hayo ni maarifa, lakini yamefungiwa. Daktari wa wilaya ya pili hayajui, mkufunzi wa chuo hayajui, wala waziri atungaye sera hayajui, maadamu hajatokea mtu wa kuyatoa kabatini, kuyapima, na kuyaandika kwa namna ambayo mgeni asiyewahi kufika hospitali ile ataweza kuyasoma, kuyaelewa na kuyatilia shaka.

Kazi hiyo ya kuandika kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ni kijikazi cha baada ya kazi. Mwanafunzi wa udaktari hukaa chuoni miaka mitano akifundishwa mwili wa binadamu, maradhi na dawa, kisha hutumikia mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, na aghalabu katika muda wote huo hapati mafunzo ya kutosha ya namna ya kuieleza kazi yake kwa maandishi. Hutazamiwa ajifunze kwa kuwaangalia wakubwa wake, ambao nao walijifunza kwa kuangalia, au hawakujifunza kabisa. Siku hizi taalimu hiyo yapatikana mtandaoni, na sehemu yake kubwa haina malipo. Matabibu, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara wa pande zetu wanaifuata baada ya zamu zao. Wengi wakisikia habari hiyo hudhani kwamba faida yake ni video za maprofesa wa ng'ambo. Mimi naiona faida kubwa zaidi mahali pengine: mtandao humpatia mwandishi wa Muheza au wa Bukavu msomaji asiyemjua, asiyemstahi kwa ajili ya cheo chake, asiyejua mji wake wala hospitali yake, na ambaye kwa sababu hiyo hiyo humwuliza maswali ambayo jirani yake hawezi kumwuliza.

Kabla ya kueleza namna mafunzo hayo yanavyokwenda, yafaa tuone uzito wa maandishi yenyewe. Mwaka 2011 jarida la Marekani liitwalo New England Journal of Medicine lilichapisha makala ambayo asili yake ni huku kwetu. Watafiti walioongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, walitaka kujua kama watoto waletwao hospitali wakiwa na homa kali, na dalili za damu kutozunguka sawasawa mwilini, wanafaa kutundikiwa dripu ya maji mengi kwa haraka, kama miongozo ilivyokuwa ikielekeza. Kazi ilifanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: kundi la kwanza lilipewa maji ya albumini, protini ya damu, kwa haraka, la pili likapewa maji ya chumvi kwa haraka, na la tatu halikupewa maji ya haraka hata kidogo, ila lilitunzwa kwa maji ya kawaida na dawa nyingine zote. Mazoea ya madaktari, na mantiki yao pia, yalielekea kwamba makundi mawili ya mwanzo ndiyo yatakayonusurika zaidi. Ikawa kinyume. Zilipopita saa 48, katika kundi la albumini walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya watoto, katika kundi la maji ya chumvi asilimia 10.5, na katika kundi la tatu asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake kwa shauri la kamati huru iliyokuwa ikiangalia usalama wa watoto wale.

Sasa hebu msomaji afikiri jinsi waandishi wa makala ile walivyokuwa na kazi ngumu. Iliwapasa kuwaambia madaktari wa dunia nzima kwamba tiba waliyoizoea, tiba ambayo baadhi yao wameitumia kwa nia njema usiku kucha kando ya vitanda vya watoto, katika hali hii iliongeza vifo. Mtu mwenye hamaki angepiga kelele. Mtu mwenye woga angeuficha ukweli katika msitu wa maneno. Wao walitumia ikisiri ya aya nne fupi, yaani usuli, mbinu, matokeo na hitimisho, na katika hitimisho wakasema bila kuzunguka kwamba maji ya haraka yaliongeza vifo kwa watoto mahututi wenye upungufu wa mzunguko wa damu katika mazingira haya ya Afrika yenye uhaba wa nyenzo. Angalia mipaka waliyojiwekea. Hawakusema watoto wote, wala hospitali zote, wala maji yote. Walisema walichokiona, na mahali walipokionea, wakaishia hapo. Adabu hiyo ya kusema kwa kiasi cha ushahidi, wala si zaidi wala si pungufu, ndiyo inayofundishwa katika masomo tunayoyazungumza, na kuipata ni kazi nzito kuliko kujifunza sarufi.

Makala za tiba hazikuwa na sura hii tangu zamani. Katika karne ya 19 tabibu aliweza kuandika habari za mgonjwa wake kwa mtindo wa barua, akaanza na hali ya hewa, akapitia safari yake, akamsifu mwalimu wake, na mwisho akafika kwenye maradhi. Sura ya sehemu nne, ambazo ni utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, ilianza kuenea katika majarida makubwa ya tiba yapata miaka ya 1940, na ilipofika miaka ya 1980 ilikuwa imekwisha kuwa sheria isiyo na udhuru. Mwanatakwimu wa Kiingereza Austin Bradford Hill aliieleza kwa njia ya maswali ambayo msomaji humtaka mwandishi ayajibu: sababu ya kuanza kazi, jinsi ilivyotendwa, jibu lililopatikana, na maana ya jibu hilo. Mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida walikutana Vancouver, Kanada, wakapatana juu ya namna moja ya kuwasilisha miswada, na jamaa hiyo ikakua ikawa kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo kanuni zake hata leo hufuatwa na majarida mengi mno, makubwa kwa madogo.

Anayeanza kujifunza hustaajabu akiambiwa kwamba sehemu hizo haziandikwi kwa mpango zinavyosomwa. Waalimu wengi humshauri aanze na majedwali na michoro, kisha aandike mbinu, kwa sababu mbinu ni habari ya mambo aliyoyatenda mwenyewe na hayahitaji ufasaha, halafu matokeo, halafu mjadala na utangulizi, na ikisiri, ambayo husomwa kwanza na mara nyingi ndiyo pekee isomwayo, iandikwe mwisho wa yote.

Kuhusu mtandao wenyewe sitakaa sana. Kabla ya Julai 2009, ulipowashwa waya wa baharini wa SEACOM uliofika Mombasa na Dar es Salaam, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilikuwa ikipita angani kwa setilaiti, kwa gharama kubwa na mwendo wa kobe. Mtu kufuata somo la video akiwa hospitali ya wilaya lilikuwa jambo la ndoto. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2007, shirika la INASP lenye makao yake Oxford, Uingereza, lilikuwa limeanzisha mpango uitwao AuthorAID, wenye nia ya kuwasaidia watafiti wa nchi zenye kipato kidogo na cha kati waandike na kuchapisha kazi zao. Mpango huo huwaunganisha waandishi wapya na wazoefu, na huendesha kozi za mtandaoni zisizo na malipo, zinazoongozwa na wawezeshaji walio katika nchi mbalimbali. Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani nacho kina kozi mashuhuri ya uandishi wa kisayansi ifundishwayo na Kristin Sainani, ambaye ni mtu wa takwimu na pia wa uandishi, na yapatikana katika jukwaa la Coursera. Na kwa kuwa hakuna aandikaye vema asiyesoma, lazima nitaje mpango wa HINARI, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, ambao huzifungulia taasisi za nchi maskini maelfu ya majarida kwa bure au kwa ada ndogo. Mtu akishakuwa na simu, bando la usiku na nywila ya maktaba ya chuo chake, anacho kinachomtosha kuanza.

Katika kozi za namna hii desturi ni kwamba mwanafunzi huandika kipande, mathalan ikisiri au aya ya mbinu, akakipeleka, na wanafunzi wenziwe wawili watatu wa nchi nyingine hukisoma na kukitolea maoni kwa mujibu wa vigezo walivyopewa. Naye pia hana budi kuvisoma vya wengine. Namjua tabibu mmoja wa hospitali ya wilaya katika ukanda wa pwani, mtu mchapakazi aliyezoea kuitwa Dokta na kila mtu, aliyekuwa amekusanya habari za watoto wenye homa na upungufu wa damu. Katika aya yake ya mbinu aliandika kwamba watoto waliolazwa wakati wa masika walipimwa damu na kuandikishwa katika utafiti. Aya ilikuwa safi, haina kosa la lugha, na wenzake hospitalini walikuwa wameisoma wakaipenda. Maoni yalipokuja, ya kwanza yalikuwa ya mwanafunzi wa Nepal, naye aliuliza: masika ni miezi gani kwenu? Mliwapima watoto wote waliolazwa, au waliolazwa siku za kazi tu? Aliyepima alikuwa nani? Na mzazi aliyekataa mlimhesabu wapi?

Dokta alikasirika. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuzungukia wodi, alimwonyesha simu muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mama wa makamo aliyekuwa kazini tangu yeye akiwa shule ya msingi, akamwambia, "Mama, tazama mtu huyu. Hata wilaya yetu haijui iko wapi, ananihoji kama polisi." Mama yule alivaa miwani, akasoma taratibu, kisha akamrudishia simu. "Sasa Dokta," akasema, "si ndiyo maana anauliza? Na hilo la siku za kazi, mwanangu, Jumamosi na Jumapili maabara yetu huwa imefungwa. Wale wanaoletwa usiku wa Jumamosi hamkuwapima."

Ikawa kweli. Watoto waliofika mwisho wa juma hawakuwamo katika hesabu, na miongoni mwao walikuwamo wale waliozidiwa mno, ambao wazazi wao walikuwa wamengoja, kwa kukosa nauli, hata mambo yakawa mabaya. Hapana mtu hospitalini aliyekuwa ameona upungufu huo, kwa sababu kila mmoja alijua maabara hufungwa Jumamosi, na jambo lijulikanalo na wote halielezwi na yeyote. Dokta hakuweza kuwarudisha watoto wale katika daftari lake. Alichoweza ni kutaja miezi, kutaja siku, kutaja nani alipima, na kuandika wazi katika mjadala kwamba hesabu yake yaelekea kupunguza ukubwa wa tatizo, na kwa nini. Mhariri yeyote mwenye busara humwamini zaidi mtu wa namna hiyo. Nami nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu chaonyesha kwamba swali la uandishi liligeuka kuwa swali la utafiti wenyewe, na lau lingeulizwa mapema, kabla ya mtoto wa kwanza kupimwa, labda lingepatikana shauri la kulipa zamu ya maabara ya Jumamosi. Ndiyo maana waalimu wengine wa fani hii humtaka mwanafunzi aandike rasimu ya mbinu zake, na hata majedwali matupu yasiyo na tarakimu, kabla hajaanza kukusanya chochote.

Somo la pili lenye manufaa ni la kupunguza maneno. Chukua sentensi kama hii, ambayo nimeitunga mwenyewe lakini ndugu zake hupatikana katika tasnifu nyingi: "Kutokana na uchunguzi uliofanyika, ilibainika kwamba kulikuwepo na idadi kubwa ya watoto ambao walionekana kuwa na hali ya upungufu wa damu." Ukiipepeta kama mchele, pumba zikaruka, hubaki: "Watoto 62 kati ya 140 walikuwa na upungufu wa damu." Sentensi ya kwanza ina maneno mengi na haina hesabu, imeficha aliyechunguza, imeficha wingi, na imeweka neno "kubwa" mahali pa tarakimu ili msomaji amwamini mwandishi badala ya kuuona ushahidi. Ya pili yaweza kupingwa, kwa sababu imesema kitu. Bado itatakiwa kutaja kiwango cha himoglobini ambacho chini yake mtoto alihesabiwa kuwa na upungufu, na kipimo kilichotumika, lakini hayo sasa yana mahali pa kukaa. Msomaji ataniuliza kwa nini basi mimi naandika sentensi ndefu hivi. Nitamjibu kwamba insha ina ruhusa zake, na aandikaye kipimo cha dawa ya mtoto hana ruhusa hizo.

Kuna mushkili wa lugha, nao si mdogo. Majarida makubwa ya tiba huandikwa kwa Kiingereza. Mtafiti wa Kiswahili hufikiri na wagonjwa wake kwa Kiswahili, hubishana na wenzake wodini kwa Kiswahili kilichotiwa maneno ya kitabibu, kisha hukaa usiku kuandika kwa lugha aliyoisomea darasani. Na mwenzake wa Bujumbura au Lubumbashi ana mzigo wa Kifaransa juu ya huo. Matokeo yake ni kwamba wengi hujificha nyuma ya maneno makubwa ya kuazima, wakidhani kwamba ugumu ni alama ya elimu, ilhali wahakiki wa majarida hulalamikia ugumu huo huo. Rai yangu, ambayo najua wapo wasiokubaliana nayo, ni kwamba mtafiti na wenzake waijadili na kuiandika hoja yao kwanza kwa Kiswahili, walau kwa ukurasa mmoja: tulitaka kujua nini, tulifanya nini, tuliona nini, na nani atabadilisha nini kwa sababu hiyo. Hoja iliyonyooka kwa lugha ya mama huvuka salama. Iliyopinda hupinda zaidi njiani. Wala mtu asiseme kwamba Kiswahili hakiyawezi mambo haya, kwani fomu za ridhaa ambazo kamati za maadili hutaka wagonjwa wasomewe kabla ya kushiriki, zenye kueleza kura, makundi ya ulinganisho, madhara na haki ya kujitoa, huandikwa kwa Kiswahili kila siku. Mama aliyetoa damu ya mwanawe baada ya kusomewa fomu hiyo anastahili kurudishiwa matokeo kwa lugha hiyo hiyo, na naona aibu kwamba mara nyingi harudishiwi.

Ghairi ya hayo, mwanafunzi hufundishwa kutumia orodha za ukaguzi. Ipo CONSORT, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1996 kwa majaribio yanayogawanya wagonjwa kwa kura. Ipo STROBE ya mwaka 2007, yenye vipengele 22, kwa tafiti za kuangalia tu bila kuingilia. Na zipo nyingine nyingi, ambazo mtandao wa EQUATOR umezikusanya pahala pamoja. Lau Dokta wetu angeifungua STROBE angeyakuta humo mengi ya maswali ya yule mtu wa Nepal, lakini orodha haina ukali wa mtu.

Kuna jambo jingine ambalo kozi hulitaja kwa upole na mimi nitalitaja kwa ukali kidogo: majina ya waandishi. Kamati ile ya kimataifa ya wahariri imeweka masharti manne, na yote sharti yatimie: mtu awe amechangia kwa uzito katika fikra ya utafiti, au katika kukusanya na kuchambua habari zake; awe ameandika au ameuhakiki mswada kwa kina; awe ameidhinisha nakala ya mwisho; na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kwa masharti hayo mkuu wa idara ambaye hakufanya lolote ila kutia sahihi barua ya ruhusa hana haki ya jina, ila ya shukrani. Na kijana aliyekesha na vitabu vya MTUHA, akachambua hesabu na kuandika rasimu, ndiye mwenye haki ya kutangulia. Kila mtu katika taasisi zetu anajua ni mara ngapi jambo hilo huwa kinyume. Tangu mwaka 2023 kamati hiyo imesema pia kwamba programu za akili unde haziwezi kuwa waandishi, kwa kuwa haziwezi kuwajibika, na kwamba mwandishi aliyezitumia lazima aseme alizitumia kwa kazi gani. Kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, programu hizo zina msaada wa kweli katika kunyoosha sentensi. Zina hatari pia, maana huweza kutunga marejeleo ya makala ambazo hazijapata kuandikwa, kwa jina la jarida na mwaka, na msomaji mvivu asigundue.

Mswada ukishakamilika hubaki swali la kuupeleka wapi, nalo lina historia yake hapa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa mataya aliouona kwa watoto wengi wa Uganda katika makala ya mwaka 1958 iliyotoka katika British Journal of Surgery. Hilo lilikuwa jarida la wapasuaji. Mtu aliyeihitaji habari ile kuliko wengine wote, Michael Epstein wa London, alikuwa mchunguzi wa virusi, naye habari ilimfikia kwa kusikiliza mhadhara wa Burkitt mwaka 1961; mnamo 1964 yeye na wenzake wakatangaza virusi walivyoviona kwa hadubini ya elektroni katika chembe za uvimbe ule, ambavyo leo vina jina la Epstein na mwenzake Barr. Mwandishi hufundishwa basi kujiuliza, kabla ya kuchagua jarida, ni nani atakayeitumia kazi yake, na mtu huyo husoma wapi. Utafiti wa namna ya kupunguza msongamano wa wajawazito katika kituo cha afya huenda ukafaa zaidi katika jarida la Afrika Mashariki kuliko la Boston, na jukwaa la African Journals Online, lililoanza mwaka 1998, limeyafanya mengi ya majarida hayo yaonekane duniani.

Kwa upande mwingine wamejaa matapeli. Mtu akichapisha makala moja tu, au hata akihudhuria mkutano mmoja, hupokea barua pepe zenye kumwita profesa mtukufu na kumwahidi kuchapisha kazi yake kwa siku chache, pasipo uhakiki wa maana, kwa ada ya dola mia kadhaa. Majina ya majarida hayo hufananishwa kwa makusudi na ya majarida mashuhuri, na bodi zake hujazwa watu ambao pengine hawana habari kwamba wamo. Ada yenyewe si dalili ya utapeli, kwa sababu majarida mengi halali yaliyo wazi kwa wasomaji wote huwatoza waandishi, baadhi yake maelfu ya dola, na mengi huwasamehe watokao nchi zenye kipato kidogo wakiomba mapema. Kinachotazamwa ni kama jarida limo katika faharasa ziaminikazo, mathalan DOAJ kwa majarida ya wazi, kama wahariri wake wanajulikana, na kama makala zilizokwisha kutoka humo zasomeka kwa faida.

Halafu hungojwa majibu, na hapa ndipo wengi waliomaliza kozi na kupata cheti huanguka. Mhariri huwapelekea mswada wahakiki wawili au watatu, nao baada ya wiki nyingi, au miezi, hurudisha hoja zao, pengine kurasa tano za hoja, nyingine za haki na nyingine za kuonea. Aliyezoea kusomwa na jamaa zake peke yao huisoma barua hiyo kama tusi, akaufungia mswada katika kompyuta hata ukazeeka. Aliyekwisha kuhojiwa na watu wa Nepal, Ghana na Peru juu ya aya moja ya mbinu huinakili kila hoja kwa namba yake, akaandika chini yake alichobadilisha na ukurasa kilipo. Na pale mhakiki alipokosea, humweleza kwa adabu kwamba hakubadilisha kitu, na kwa ushahidi gani. Mhariri ndiye mwenye kuamua. Akikataa, mswada husahihishwa kwa yale yaliyokuwa ya haki na kupelekwa jarida la pili, na si ajabu la tatu, na kwa kila jarida marejeleo hupangwa upya kwa mtindo wake, kazi ya kuchosha ambayo nayo, kwa bahati njema, siku hizi ina programu ya kuifanya.